Dago la Wavuvi na Nguo ya Merikani

Hotuba kwa waalimu na Wakristo wa mitaa, katika siku za Jubilii



Katika siku hizi za Jubilii tumekwisha kusikia habari nyingi za mwanzo wa mitaa yetu: nani aliyejenga banda la kwanza la sala, nani aliyefundisha watoto kusoma chini ya mwembe, nani aliyetoa kiwanja. Ni habari njema, wala hatuna haja ya kuzirudia. Sisi tumepewa nafasi ya kusema habari za mwanzo wa mahali pengine, mbali sana, ng'ambo ya bahari. Mahali ambapo babu zetu hawakupaona kwa macho, walakini walivaa miilini mwao nguo iliyotoka huko. Maana hapana mzee wa pwani wala wa bara asiyeijua merikani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi. Wengi hudhani kwamba jina lile ni jina tu, kama kaniki. Sivyo. Ni jina la nchi ya Marekani, na katika miaka ya kwanza ya biashara ile sehemu kubwa ya nguo hiyo ililetwa Unguja na merikebu za mji mmoja mdogo, jina lake Salem, katika Massachusetts. Na mji ule, kabla haujawa mji wa matajiri, ulizaliwa katika dago la wavuvi lililoshindwa.

Dago mwalijua. Wavuvi hufuata samaki kwa msimu, wakapiga kambi kisiwani au ufukoni, wakajenga vibanda, wakaanika ng'onda, na pepo zikigeuka hurudi kwao. Watu wa Ulaya walifanya vivyo hivyo miaka mingi kabla ya kujenga hata mji mmoja katika pwani ile ya kaskazini. Mwaka 1497 John Cabot alisafiri kutoka Bristol, Uingereza, akafika nchi ile, na waliorudi pamoja naye wakasimulia kwamba samaki walikuwa tele hata mtu aweza kuwateka kwa kikapu. Baada yake wakaja Wareno, na Wafaransa wa Normandie na Bretagne, na Wabaski, na Waingereza. Hata mwaka 1583, Sir Humphrey Gilbert alipoingia bandari ya St. John's katika kisiwa cha Newfoundland ili kuitwaa nchi kwa jina la Malkia Elizabeth, alikuta merikebu zipatazo 36 za mataifa mbalimbali zimekwisha kutia nanga. Wavuvi walitangulia, bendera ikafuata.

Samaki mwenyewe jina lake kwa Kiingereza husikika kama kodi, nasi hatutaki mtu acheke au aogope, maana si ile kodi ya serikali. Hapa tutamwita chewa wa baridi, ijapokuwa si wa ukoo wa chewa wetu wa mwambani. Fadhili yake ni hii, kwamba nyama yake haina mafuta mengi, kwa hiyo hukauka vema. Kichwa hukatwa, tumbo hupasuliwa, mfupa wa mgongo hutolewa, samaki akalazwa katika chumvi siku kadhaa, kisha akaoshwa na kuanikwa juu ya chanja za matawi, ili upepo umpate juu na chini. Jioni hugeuzwa, ngozi ikawa juu, umande usiharibu nyama. Mvua ikinyesha hurundikwa na kufunikwa. Kazi hii yataka watu wengi, nayo yataka pwani. Ndipo twaelewa kwa nini uvuvi ulizaa makao: aliyevua kwa ajili ya kukausha hakuweza kukaa chomboni tu, sharti apate nchi kavu, na kuni, na maji, na mahali pa kusimamisha chanja zake.

Wakati ule hapana aliyefikiri kwamba samaki wale waweza kwisha. Walikwisha, au karibu kwisha: mwaka 1992 serikali ya Kanada iliufunga uvuvi wa chewa wa baridi upande wa Newfoundland, na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Lakini hayo ni ya mbele sana.

Sasa twafika kwa mtu ambaye waalimu watapenda kumjua. John White alikuwa mchungaji wa kanisa la Utatu Mtakatifu katika mji wa Dorchester, Uingereza. Watu wa pande zile walikuwa na wana na ndugu waliokwenda kuvua ng'ambo, wakikaa huko miezi mingi pasipo mtu wa kuwafundisha Neno la Mungu. Jambo hili lilimsumbua. Tena aliona kwamba merikebu ya uvuvi huchukua watu wengi kupita wale wanaohitajiwa kuiendesha, kwa sababu wengine ni wa kuvua na kukausha tu. Basi yeye na wenzake wakashauriana: hao waliozidi waachwe pwani, walime mahindi, wajenge nyumba, na mwaka wa pili merikebu ikija, wavuvi watakuta chakula na watu wa kuwasaidia, na mhubiri atakaa kati yao. Wakachanga mtaji uliopita pauni 3,000, wakaanzisha kampani, na mwaka 1623 merikebu yao ikaacha watu 14 katika rasi ya Cape Ann.

Shauri lilikuwa zuri, na kwa miaka mitatu halikuzaa ila hasara. Merikebu ilichelewa msimu. Nchi ya Cape Ann ni mawe matupu. Watu walioachwa hawakupatana, hata mwaka 1625 ukatokea ugomvi na watu wa Plymouth juu ya jukwaa la kukaushia samaki. Upande mmoja ulijificha nyuma ya mapipa na bunduki mkononi, na damu ingalimwagika kama msimamizi wao, Roger Conant, mtu mpole, asingaliingia kati kuwapatanisha. Mwaka 1626 kampani ikavunjika. White mwenyewe aliandika kitabu mwaka 1630, akaeleza waziwazi kilichoiangusha kazi yake: penye samaki wazuri hapana udongo mzuri, penye udongo mzuri samaki si wengi, na mvuvi si mkulima, wala hawezi kufanywa mkulima kwa kuamriwa. Twawaomba waalimu wasipite upesi hapa. Ni wachache wanaoanzisha kazi kubwa wakaandika kwa mkono wao wenyewe sababu za kushindwa. (Mahali pale pa mawe baadaye pakawa mji wa Gloucester, na wavuvi wake hawajaiacha bahari hata leo.)

Wengi wakarudi Uingereza. Conant hakurudi. White alimwandikia barua akimsihi akae, naye akawachukua wachache waliobaki, wakahamia mahali penye udongo ulio bora, ambapo wenyeji wa nchi walipaita Naumkeag.

Na hapa hatuna budi kusema jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita kwa mstari mmoja. Naumkeag hapakuwa nyika isiyo na mwenyewe. Palikuwa na watu, na mashamba ya mahindi, na wavuvi waliovua kabla ya Cabot kuzaliwa. Lakini kati ya mwaka 1616 na 1619 maradhi mazito yalipita katika pwani ile, nayo yalifuata nyayo za merikebu za Ulaya. Wakafa watu wengi mno, na vijiji vingine vikawa mahame. Conant na wenzake walipofika miaka saba baadaye, walikuta mashamba yaliyokwisha kufyekwa na mikono ya marehemu. Hati ya kununua ardhi ya mji haikutiwa sahihi na warithi wa wenyeji mpaka mwaka 1686, miaka 60 baada ya kuhamia, na bei yake ilikuwa pauni 20.

Mwaka 1628 akaja John Endecott na watu wapya kutoka Uingereza kuwa mkubwa wao, na wale wa kwanza wakanung'unika, kama inavyokuwa siku zote aliyelima akiona mgeni anaketishwa juu yake. Wakapatana, na mwaka 1629 mahali pale pakaitwa Salem, kwa ajili ya mapatano yale. Ninyi wasomaji wa Biblia mwamjua Melkizedeki mfalme wa Salemu, na maana ya jina hilo ni amani.

Tangu hapo kazi ya samaki ikasimama. Mwaka 1639 baraza la Massachusetts liliamuru vyombo vya uvuvi visitozwe kodi kwa miaka saba, na wavuvi wasiitwe katika mazoezi ya askari. Mwaka 1641 John Winthrop, aliyepata kuwa gavana, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba samaki wakavu wapatao 300,000 walipelekwa sokoni mwaka ule. Mwaka uliofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza Uingereza, merikebu za wavuvi wa kule zikapungua, na watu wa New England wakaingia katika pengo lile. Wanunuzi wao wakubwa walikuwa Wahispania na Wareno, ambao katika siku za mfungo hawakula nyama. Wapuritani wa Massachusetts waliikataa mifungo ile ya Kikatoliki kwa maneno makali. Walakini hawakukataa kuiuzia samaki.

Isidhaniwe kwamba wavuvi wenyewe walitajirika. Tajiri alimkopesha mvuvi chombo, na ndoana, na chumvi, na chakula cha nyumbani, na pombe pia. Na mwisho wa msimu hesabu ilipofanywa, mvuvi aliona samaki wake wote wamekwenda na deni limebaki. Mwaka wa pili alikuwa hana ruhusa ya kumwuzia mwingine. Watu wa pwani yetu hawahitaji kufasiriwa jambo hili. Tena wengi wa wavuvi hao hawakuwa watu wa ibada sana. Yasimuliwa kwamba mhubiri mmoja aliwakumbusha wavuvi wa upande wa kaskazini kwamba walikuja katika nchi ile kwa ajili ya dini, naye akajibiwa na mmoja wao kwamba amekosea watu: wale wa dini wako Boston, hawa walikuja kwa ajili ya samaki. Masikini John White, kama angalikuwapo!

Basi samaki waligawanywa kwa daraja, na katika daraja hizo tutaiona biashara yote. Waliokauka vizuri, weupe na wazima, walikwenda Hispania na Ureno. Wa kati walikwenda Madeira na visiwa vya Canary, wakarudisha mvinyo. Na wale waliovunjika, waliochomwa na jua, waliozidi chumvi, ambao hapana Mzungu aliyetaka kuwala, hawakutupwa. Walipelekwa katika visiwa vya West Indies, wakawa chakula cha watumwa, Waafrika waliochukuliwa kwa nguvu kulima miwa. Wenye mashamba hawakutaka kutumia ardhi kwa kulima chakula, kwa kuwa sukari ilileta fedha zaidi. Hivyo samaki mbaya akapata soko la hakika, na tajiri wa New England hakupoteza kitu.

Tutataja merikebu moja tu. Ilijengwa Marblehead, wakati huo sehemu ya Salem, mwaka 1636, nayo iliitwa Desire, ndiyo kusema Tamaa. Baada ya vita vya mwaka 1637 juu ya kabila la Wapequot, Tamaa ilichukua mateka wa kabila hilo kuwauza West Indies. Mwaka 1638 ilirudi Boston, na Winthrop akaandika iliyoyaleta: pamba, tumbako, chumvi, na watu weusi. Akaongeza kwamba bidhaa zinazofaa kupelekwa sehemu zile ni samaki wakavu na pombe kali. Hayo yote yamo katika kumbukumbu ya siku moja, kwa maneno machache, bila ya sauti kupanda wala kushuka. Tangu kuhamia Naumkeag ilikuwa imepita miaka 12 tu.

Biashara ikakua hivyo kwa zaidi ya karne moja. Samaki na mbao kwenda visiwani. Asali ya miwa kurudi. Asali ikapikwa kuwa ramu. Ramu nyingine ikapelekwa pwani ya Afrika ya Magharibi kununulia watu. Hatutakaa sana hapa, kwa maana habari hizi mmezisikia. Lakini katika baraza la Massachusetts, Boston, imetundikwa sanamu ya samaki wa mti, iliyotolewa na tajiri John Rowe mwaka 1784, ili watu wakumbuke kilichowalisha. Ni sanamu nzuri, ya samaki mzima, wa daraja la kwanza.

Marekani ilipokwisha kujitenga na Uingereza, Waingereza waliwafungia Wamarekani bandari zao za West Indies mwaka 1783. Matajiri wa Salem wakabaki na merikebu na mabaharia pasipo njia, wakatafuta njia mpya. Merikebu ya Elias Hasket Derby, Grand Turk, ilifika Canton, Uchina, mwaka 1786. Wengine wakafuata pilipili ya Sumatra. Na katika kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema wakaijua pwani yetu. Mwaka 1833 Edmund Roberts alifanya mapatano Muscat pamoja na Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja: Wamarekani wafanye biashara katika bandari zake, walipe ushuru wa tano katika mia. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem akatua Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa Marekani, naye alikuwa balozi na tajiri pamoja.

Walitaka nini kwetu? Pembe za ndovu, za kufanyia vitana na vibao vya piano. Karafuu na ngozi. Na zaidi ya hayo sandarusi, ambayo watu wa Mrima waliichimba ardhini. Sandarusi ilipelekwa Salem pamoja na udongo wake, ikaoshwa huko, kisha ikayeyushwa kuwa vanishi ya kupakia meza na magari ya farasi. Na sisi tulitaka merikani. Nguo ile ilikuwa nzito, yenye nguvu, yafuliwa mara nyingi bila kuraruka. Ikapanda na misafara mpaka Tabora na Ujiji, ikawa fedha ya barabara: shuka mikono minne, doti mikono minane. Wapagazi wa Kinyamwezi, watu huru, walilipwa kwa merikani. Machifu walipewa hongo ya merikani. Pembe zilinunuliwa kwa merikani. Na watu pia walinunuliwa kwa merikani. Waingereza waliiiga, walakini kwa miaka mingi hawakuweza kuishinda.

Wala si wageni tu waliosafiri. Mwaka 1840 merikebu ya Seyyid Said, Sultana, ilifika New York pamoja na Ahmad bin Na'aman, mjumbe wake, ikiwa na pembe, karafuu, sandarusi, kahawa na tende. Watu wa mji walimiminika bandarini kumtazama. Picha yake iliyochorwa huko imehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya Salem.

Yule Waters alikuwa Mkristo mwenye bidii, naye aliuchukia utumwa. Katika daftari lake la kila siku aliandika huzuni yake alipowaona watumwa wa Unguja. Twaamini huzuni ile ilikuwa ya kweli. Lakini mizigo yake ilipita forodhani kwa Jairam Shivji, aliyekodi ushuru wote wa Unguja, na hao wawili walifanya biashara pamoja kwa faida kubwa. Karafuu zilichumwa na watumwa. Na nguo yenyewe je? Pamba yake ililimwa na kuchumwa katika nchi za kusini za Marekani na Waafrika waliokuwa utumwani, ambao mwaka 1860 hesabu yao ilikaribia milioni 4. Katika Salem penyewe palijengwa kiwanda cha kufuma pamba kwa nguvu za mvuke, na wenyewe wakakiita Naumkeag. Wenyeji waliolitoa jina lile hawakuwapo tena kusikia kengele yake. Basi mtu wa Unyamwezi aliyejifunga doti ya merikani alivaa kazi ya mikono ya ndugu ambaye labda babu yake aliuzwa pwani nyingine ya Afrika hii hii, akalishwa visiwani chewa aliyekataliwa na Wahispania. Mvaaji hakujua, wala hapana wa kumlaumu. Waters aliweza kujua.

Vita vya Marekani vya mwaka 1861 hata 1865 ndivyo vilivyoukata uzi huu. Pamba ya kusini ilifungiwa bandarini, bei ya merikani ikapanda, na nguo za Uingereza na Bombay zikashika nafasi yake. Utumwa wa Marekani ukakomeshwa mwaka 1865. Vita vilipokwisha, nguo za Marekani zilirudi kwa kiasi, lakini biashara ilikuwa imekwisha kuvutwa na New York na Boston, kwenye bandari za kina kirefu. Wauzaji walibadilika, jina la merikani likabaki, hata juu ya nguo isiyopata kuiona Marekani.

Tarehe 1 Mei 1870 merikebu Glide iliingia Salem ikitoka Unguja. Baada yake haikuingia tena bandarini mle merikebu iliyotoka kwetu.